Mizani

Karanga za Bi Somoe pale stendi ya Newala
huja zimefungwa kwenye chochote:
daftari la hesabu, risiti za ghala, Zaburi.
Siku ile zilikuja na ukurasa wenye neno moja jekundu,
MIZANI,
na chini yake, kwa herufi ndogo kama sisimizi:
*Waandishi wa nje wanakaribishwa. Tunalipa kwa neno.*

Nikazimaliza karanga nikiwa nimesimama.

Miaka sita natuma makala kwenye magazeti makubwa,
miaka sita najibiwa "tumepokea, asante."
Mara moja wakaichapa, jina langu wakalikosea,
malipo yakawa nakala mbili za bure
ambazo nauli ya kuzifuata Mtwara mjini ilizidi bei yake.
Kaka yangu Swalehe akaligeuza lile gazeti, akauliza:
"Hili jina, linakaangika?"

Sasa hawa. Jarida zima la mizani!
Nikasema, hatimaye, watu wangu:
wanaohesabu silabi kwa vidole chini ya meza,
nane kwa nane, kina cha kati, kina cha mwisho,
wanaojua kuwa mshororo wenye kumi na tano
huchechemea kama mbuzi aliyekanyaga mwiba.
Nikawatumia beti saba za ukungu
unavyopanda asubuhi kutoka bonde la Ruvuma,
na ndoo zinavyopanga foleni kabla ya wenyewe.

Jibu likaja siku ya tatu.
E. Lugazo, mhariri, Morogoro:

*Dada, ukungu wako mzuri sana.
Lakini sisi ni mafundi mizani. Ya kupimia.
Mawe ya kilo, springi, visahani.
Wasomaji wetu ni mia tisa, wengi mikono ina grisi.
Huko kwenu si kuna korosho?*

Nilicheka peke yangu mpaka nikaona haya.
Kisha nikaacha kucheka.

Kwa sababu mimi nimelelewa na kangomba.
Lile kopo la kununulia,
lililogongwa kwa ndani hadi kitako kikatokeza,
lilikaa kwenye rafu ya mama karibu na chumvi.
Ndilo lililonisomesha.
Limemfilisi nani, hatukuuliza.

Nikaenda kwa fundi Nandonde nyuma ya ghala la chama.
Siku mbili nimekaa juu ya gunia tupu,
yeye anafungua mzani, ananionyesha chuma kimoja
kilichosuguliwa kwa tupa, kidogo tu,
hadi kila gunia likapungukiwa nusu kilo.
"Chuma hakiibi," akasema, anakipuliza vumbi.
"Kinainama tu."

Nikaandika maneno elfu moja na mia mbili.
Shilingi mia na hamsini kwa neno:
nilipiga hesabu kabla sijasoma nilichoandika,
nikarudi juu kuongeza "kwa hakika,"
kuongeza "kwa kweli," "katika suala zima la,"
na mkono ukasita.
Nilikuwa natia mchanga kwenye gunia.
Nilikuwa nagonga kitako cha kopo.

Nikapepeta. Yakabaki mia sita na kumi na moja.
Lugazo akafuta kumi na moja, akalipa yote.
*Hayo ya juu ni nyongeza,* akaandika, *kama ya karanga.*

Elfu tisini na moja, mia sita hamsini.
Simu ililia nikiwa kwenye foleni ya maji
na mwanamke wa nyuma akaniambia nisogeze ndoo.

Jioni nikamsomea mama, mpaka pale penye kopo.
Akauliza, "Umenitaja jina?"
Nikasema hapana.
Akaendelea kusonga ugali, muda mrefu,
ugali ulikuwa umeshaiva.

Siku hizi simwulizi Bi Somoe karanga bei gani.
Namwuliza karatasi za leo zimetoka wapi.
Nimepata la wafuga nyuki. Nimepata la wachonga majeneza,
wanalipa vizuri ila wanachelewa.
Jana nimepata la mafundi lifti.
Newala nzima haina lifti hata moja.
Nimewaandikia leo, nikaanzia chini bondeni,
kwenye ndoo ya lita ishirini,
na shingo inayoipandisha.